Kadzo Hajamaliza

Yaliyomfika rafiki yangu Karisa siwezi kuyaeleza. Nayasema kama alivyonisimulia, Mungu atusitiri. Miaka ya tisini alikuwa mwangalizi wa kompyuta kuu ya kampuni moja ya mizigo, Kilindini. Desturi yao, kabla ya kuizima na kuiwasha upya, ni kumpigia simu karani wa tawi la Mji wa Kale, aseme amemaliza, ndipo laini inayomuunganisha na mashine hiyo isimamishwe. Kadzo, karani huyo, alipoikataa posa yake, Karisa alizima bila kumpigia. Kazi yote ya Kadzo ikapotea, naye akafutwa kazi.

"Pole dada, mashine haimjui mtu."

"Itanijua, kaka. Iko siku utaningoja nimalize."

Haukupita mwezi, Kadzo akafariki.

Siku ya kuzima tena, tawi lilikuwa limefungwa. Karisa akasimamisha laini, akauchomoa na waya wake, akazima mashine. Mara umeme nao ukakatika. Katika giza la chumba kile kisicho na dirisha akasikia vidole vikigonga herufi, taratibu, kama vya karani asiye na haraka.

"Kadzo, niwie radhi," akanong'ona.

Vidole havikusita. Na kila herufi ilipogongwa, waya alioushika ulishtuka kiganjani mwake.