Bibi wa Shimoni

Rutger Hallenborg alikutwa amekufa saa nane na dakika kumi mchana, ameketi mbele ya kioo chake. Nusu ya uso ilikuwa imepakwa rangi ya mfalme, nusu nyingine ilikuwa ya mzee wa miaka sitini na mitatu. Mkono wa kulia umelikamata shati kifuani. Wa kushoto umenyooka kuelekea msumari lilipotundikwa joho lake jekundu.

Inspekta Evert Tingström alisimama mlangoni, hakuingia mara moja. Gothenburg nzima ilimjua marehemu. Filamu kumi na tisa, majukwaa yasiyohesabika, na uso wake ulikuwa umebandikwa hadi kwenye makopo ya kahawa. Tingström mwenyewe alimposa mkewe usiku aliotoka kumtazama Hallenborg akivunja watu mbavu katika ukumbi huu huu wa Lejonet, mwaka 1927. Kumkuta leo hivi, mdomo wazi, kulimtia haya, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

"Moyo," alisema daktari wa polisi akifunga mkoba wake. "Alikuwa na vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Kimoja tu, na sasa hivi angekuwa anakunywa kahawa."

"Viko wapi?"

"Hilo swali lako, si langu. Mfuko wa joho ni mtupu."

Sajenti Nyrén ndiye aliyekipata kichupa cha vidonge. Kilikuwa ndani ya kikapu cha sindano na nyuzi, kwenye ushoroba, hatua kumi kutoka mlangoni. Alama za vidole zilikuwa zimepandana, hazisomeki. Kikapu kilikuwa cha Algot, mzee mfupi aliyemvisha Hallenborg nguo za jukwaani kwa miaka kumi na minane.

Algot hakungoja kuulizwa.

"Nimemuua mimi. Kila siku kabla ya mazoezi naweka kichupa mfuko wa kulia wa joho. Kila siku! Leo nilikuwa nashona kifungo. Lazima nilikitia kikapuni nikasahau. Nifunge, Bwana Inspekta. Nifunge tu."

"Unakumbuka kukitia kikapuni?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka kukitia mfukoni?"

"Nakumbuka. Lakini uzee huu, bwana, unakumbuka hata yasiyokuwapo."

"Mzee, kuna watu huletwa kwangu kisu kinachuruzika damu, na wanakana. Wewe huna hata uhakika, unakiri. Tulia kwanza."

Hakutulia. Alilia kwa sauti, na kilio chake kilifika mpaka jukwaani.

"Afande, kesi imekwisha," alinong'ona Nyrén. "Kusababisha kifo kwa uzembe. Mzee amekiri."

"Amekiri huzuni. Kosa bado sijalisikia."

Wakati huo Tingström alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la makaa lililopasha joto chumba cha marehemu. Akavuta trei ya majivu. Juu yake kulikuwa na kipande cha karatasi, nusu nyeupe, nusu nyeusi. Mwandiko ulikuwa wa marehemu. Kilibakia hiki: *3 Oktoba 1953. Mpendwa Mkurugenzi, nakuandikia kwa moyo mzito. Makosa yangu ya msimu huu si ya umri wala ya kichwa. Yanatokana na*

Baada ya hapo, weusi mtupu.

Mtunza jengo aliapa kwamba saa saba kamili, mazoezi yaliposimama kwa chakula, alimwaga majivu yote na kutia makaa mapya, kisha naye akatoka kwenda kula. Barua basi ilichomwa kati ya saa saba na saa nane na dakika kumi. Waigizaji wote walikuwa mkahawani ng'ambo ya barabara, wakila samaki wa kukaanga na kusengenyana. Mbali na marehemu, waliobaki ndani walikuwa watatu: Algot, Mkurugenzi Fryklund, na Signe Malmqvist, mkumbushaji wa waigizaji.

"Labda marehemu aliichoma mwenyewe," alisema Nyrén.

"Labda. Kama ni hivyo, hakuna aliye hai anayejua maneno yaliyoungua."

Mkurugenzi Fryklund aliwapokea huku akifuta miwani iliyokuwa safi tayari.

"Hakuniandikia lolote. Hallenborg haandiki, huja akapiga kelele."

"Alikuja lini mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi. Mambo ya kawaida."

"Yapi?"

"Ya kawaida, Inspekta! Onyesho la kwanza ni Ijumaa, tiketi zimekwisha zote. Naomba uwe mwangalifu na watu wa magazeti."

Tingström aliandika: *huyu anaficha jambo*. Kisha akashuka ukumbini.

Signe Malmqvist alikuwa mahali pake, katika kishimo kilichochimbwa ukingoni mwa jukwaa na kufunikwa kwa kibanda, watazamaji wasimwone. Mtu akiketi humo, kichwa chake hulingana na viatu vya waigizaji. Hapo ndipo Signe alipokaa miaka ishirini na saba, kitabu cha mchezo mapajani na shali mabegani, akimnong'oneza kila aliyepotewa na neno. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, macho ya mtu aliyezoea kutazama kwenda juu.

"Wakati wa chakula ulikuwa wapi, Bibi Signe?"

"Hapa hapa. Nala mkate wangu humu. Nikipanda ngazi magoti yanalalamika."

"Ulimsikia mtu akienda vyumba vya kuvalia?"

"Niko shimoni, bwana. Juu yangu kila siku ni nyayo tu."

"Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mkubwa." Akafunga kitabu. "Na alikuwa anasahau. Msimu huu maneno niliyompa mimi ni mengi kuliko aliyoyapata mwenyewe. Watazamaji hawakujua."

Tingström aliegemea ukingo wa jukwaa. Hakuwa anatega chochote wakati huo, na baadaye alijikumbusha hivyo mara nyingi.

"Mimi nilimwona hapa mwaka ishirini na saba, kwenye ule mchezo wa kinyozi wa mfalme. Kulikuwa na maneno yale… 'Mfalme ana kichwa kama sisi, tofauti ni…'"

Akakwama.

"'Tofauti ni nani amekishika,'" alisema Signe papo hapo, kisha akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Samahani. Ni ugonjwa wa kazi. Mtu akikwama mdomo unanitangulia. Hata kanisani namkumbusha mchungaji, na hapendi."

Wakacheka wote wawili. Kutoka nyuma ya mapazia kilio cha Algot kikasikika tena. Signe aliacha kucheka kabla ya Inspekta, na akaanza kukunjakunja ncha za shali.

Tingström alitembea huku na huko ushorobani kwa nusu saa. Mwendesha mashtaka alikwisha kupiga simu. Asubuhi angetia saini hati ya mashtaka, na mzee Algot angelala jela akiamini amemuua mtu aliyempenda kuliko ndugu. Njia ilikuwapo, lakini ilikuwa njia chafu: kuuchukua wema wa mtu na kuufanya ndoana. Mkewe asingeipenda. Akaichukua.

Saa kumi na moja aliwaita wote jukwaani. Fryklund alikuja na saa mkononi. Algot aliletwa na Nyrén, amekwisha kuvaa koti la kwendea kituoni. Signe alibaki shimoni mwake. Hakuna aliyeona ajabu.

"Mzee Algot atakwenda nasi," alisema Tingström. "Lakini kuna barua ya marehemu. Nataka muisikie, kwa heshima yake."

Alisogea chini ya taa, hatua mbili kutoka kibandani, akasoma polepole kama mwigizaji asiyejua vizuri sehemu yake.

"'Tarehe tatu Oktoba. Mpendwa Mkurugenzi, nakuandikia kwa moyo mzito. Makosa yangu ya msimu huu si ya umri wala ya kichwa. Yanatokana na…'"

Akanyamaza. Akaikazia macho karatasi. Akafungua mdomo, akaufunga.

"'Yanatokana na…'"

"'Na bibi wa shimoni,'" ilinong'ona sauti kutoka chini, "'ambaye masikio yamekwisha na akili inayafuata.'"

Ilikuwa sauti ndogo, safi, ya kufika hatua mbili na isizidi. Ilipokwisha kutoka, mwenyewe akaisikia, akaziba mdomo kwa kitabu.

Tingström alimwonyesha karatasi.

"Imeungua, Bibi Signe. Hapa hakuna neno tena. Aliyebaki hai na anayelijua ni yule aliyeichoma."

Angeweza kukana. Angeweza kusema aliiona jana, au juzi, na Inspekta asingekuwa na jibu. Lakini alimtazama Algot na koti lake la kwendea kituoni, mabega yakamshuka.

"Mwachieni mzee huyo," alisema. "Algot, hukusahau. Kichupa kilikuwa mfukoni, mfuko wa kulia, kama kila siku."

Algot alitafuta kitu cha kushika, akalishika pazia.

"Eleza," alisema Tingström. Sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

"Nilimpelekea kitabu tupitie sehemu ya pili, maana ilikuwa inamponyoka. Alikuwa amekwenda kunawa. Nikatafuta penseli kwenye droo, nikaiona barua. Nikaisoma yote, bwana. Na kilichopita kwenye macho haya hakitoki, unajua kazi yangu. Aliporudi nilikuwa nimekwisha kuitia ndani ya jiko la makaa. Nikamwuliza, Rutger, fadhila ya punda ni mateke kweli? Akasema sijui unaongea nini. Akaketi, akaanza kujipaka rangi kama vile sipo."

"Halafu?"

"Halafu moyo ukamkaba. Akanyoosha mkono kwenye joho. Nikakitoa kichupa. Nilikuwa nacho hapa." Alifungua kiganja. "Akanitazama akasema, 'Nipe… nipe, wewe…' Alikuwa anatafuta jina langu. Miaka ishirini na saba, na hakulipata! Akanigeuzia uso ule ule anaonigeuzia jukwaani akikwama. Alikuwa anangoja nimpe."

"Na hukumpa."

"Sikumpa jina wala kidonge. Nilisema, hili moja alitafute mwenyewe. Nilisimama nikimwangalia anavyolitafuta, mpaka akaacha."

Fryklund alikuwa amevua miwani. Nyrén hakuandika tena.

"Kichupa nilitoka nacho bila kujua. Kikapu kilikuwa wazi, mwenyewe hayupo, nikakitupa humo kwa sababu kilikuwa kinaniunguza mkono. Sikumfikiria Algot. Kisha nikamsikia akilia, nikamfikiria, na bado nikanyamaza kwa muda wa karibu saa tatu. Hiyo ni dhambi ya pili. Iandikeni."

"Ungeweza kuja kwangu tu, ukalalamika," alisema Fryklund kwa sauti ya kupasuka.

"Kwako? Bibi aliyepoteza masikio? Watu husema tenda wema nenda zako. Ningekwenda wapi, Mkurugenzi? Sina mume, sina mtoto, nina shimo hili. Yeye ndiye aliyekuwa anasahau, na mimi ndiye niliyekuwa nafukuzwa."

"Hakuna aliyekuwa anakufukuza!"

Wote wakamgeukia Fryklund. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mashavu.

"Barua hiyo ni ya wiki sita zilizopita. Haikunifikia kamwe. Leo asubuhi Rutger alikuja ofisini kuniambia anastaafu baada ya onyesho la kwanza. Alisema kichwa chake kimekwisha, amechoka kudanganya watu. Akataka nichapishe kwenye kijitabu cha onyesho kwamba kuna mtu mmoja aliyembeba miaka yote hii, na kwamba mtu huyo asiguswe mpaka atakapotaka kuondoka mwenyewe." Akapangusa jasho. "Nilimsihi akae kimya. Tiketi zimeuzwa, watu wangezirudisha. Nikamwambia asimwambie yeyote mpaka Jumamosi. Hata wewe, Signe. Akakubali. Ningemwacha aseme tu…"

Hakumaliza, na hakuna aliyemsaidia.

"Alinitaja?" aliuliza Signe.

"Alikutaja."

"Kwa jina?"

"Signe Malmqvist. Alilisoma kutoka kwenye kikaratasi, ili asikosee."

Signe alipanda kutoka shimoni peke yake, magoti yakimlalamikia kila kidato. Algot alikuwa amekwenda nyuma ya mapazia. Alirudi na koti la Signe, akamvisha mkono mmoja, kisha wa pili, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni kama alivyozoea kumfungia yule mwingine.

"Sikusamehe," alimwambia. "Lakini nje kuna mvua."

"Asante, Algot."

"Una la kuongeza kwenye maelezo yako?" aliuliza Tingström. Sheria ilimtaka aulize.

"Moja," alisema Signe. "Andika kwamba nilimuua mtu mwingine. Yule niliyemkasirikia alikwisha kuondoka tangu asubuhi."

Tingström aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno.