Bunge Limepitisha, Bado Sisi

Kelele za nyundo na cherehani zilianza mapema katika karakana ya makochi. Fundi alijaza misumari mdomoni, akawa anaichomoa mmoja mmoja na kuigonga. Mtaani walimwita Misumari. Binti yake alishona vitambaa. Mjukuu wake, msichana aliyemaliza shule, alijaza sponji kwenye mito.

Msichana huyo alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka kitambulisho cha uraia, naye hakuwa nacho. Baba yake alikuwa mgeni, na aliondoka zamani. Katiba ilisema mtoto anafuata uraia wa baba.

Siku hiyo redio ilitangaza kwamba Bunge limepitisha mabadiliko: mtoto wa mama raia naye ni raia. Binti ya fundi alipiga vigelegele. Akamchukua mwanawe mbio hadi ofisi ya vitambulisho. Walirudi mikono mitupu.

"Wamesema bado," binti alisema, akautupa mkoba juu ya meza.

"Bado nini? Si wabunge wameshapitisha?" Misumari aliuliza.

Mteja mmoja alikuwa hapo akikagua kochi lake. Alikuwa mama mstaafu, aliyewahi kuwa karani bungeni.

"Wabunge ni hatua ya kwanza tu," alisema. "Theluthi mbili yao wamekubali. Sasa inakuja kwenu. Mwisho wa mwezi kuna kura ya maoni."

"Mbona sheria ya takataka waliipitisha wenyewe, tukaanza kutozwa faini?"

"Hiyo ni sheria ya kawaida. Fundi, nikitaka kitambaa chekundu badala ya kijani, utafanyaje?"

"Nabandua, naweka kingine."

"Na nikitaka kubadili fremu?"

"Hapo navunja kochi zima! Kwanza nitakuuliza mara mbili kama uko sawa kichwani."

Mama mstaafu akacheka. "Basi katiba ndiyo fremu. Imefanywa iwe ngumu kubadili, ili wachache wasiamke asubuhi wakaigeuza watakavyo. Kila nchi ina utaratibu wake. Wa kwetu ni Bunge, kisha wananchi."

"Hicho kifungu cha baba alikiweka nani?" mjukuu aliuliza.

"Kilikuwemo tangu mwanzo. Rasimu iliandikwa, ikajadiliwa, kisha wananchi wakaipigia kura ndiyo au hapana. Muulize babu yako."

"Nilipiga ndiyo," alisema Misumari. "Kusoma sikusoma. Nani alisoma? Tulitaka katiba yetu, basi."

"Tangu hapo imeshabadilishwa," mama mstaafu aliendelea. "Zamani mtu alipiga kura akiwa na miaka ishirini na moja. Leo ni kumi na minane. Wananchi ndio waliokubali."

"Basi na hii itapita. Kila mtu anaitaka. Mimi siku hiyo nina viti vya hoteli."

"Hapo unakosea, fundi. Wasipojitokeza zaidi ya nusu ya walioandikishwa, kura inabatilika. Hata kama wote waliofika wamesema ndiyo. Iko iliyokufa hivyo. Kila mtu alidhani mwenzake atakwenda."

Binti alizima cherehani. "Baba, hoteli itasubiri. Chuo hakisubiri."

Jioni Misumari aliipigia simu hoteli, akaomba wamsubiri.

Siku ya kura alipita mlango kwa mlango. Kinyozi wa jirani alikuwa bado kitandani.

"Wewe! Amka ukapige kura."

"Mzee, mimi sina mtoto wa mgeni."

"Una dada watatu. Unajua wataolewa na nani?"

Kinyozi akavaa viatu.

Mjukuu hakuruhusiwa kupiga kura, kwa kuwa hakuwa raia. Alisimama nje ya kituo, akawatazama majirani wakiingia kuamua mambo yake.

Nusu ilivukwa kwa shida. Waliosema ndiyo wakashinda. Rais akatia saini, na kifungu kipya kikaanza kutumika.

Foleni ya ofisi ya vitambulisho ilikuwa ndefu. Karani wa zamu alitazama kitambulisho cha mama yake msichana, akaandika, akagonga muhuri. Msichana akapewa stakabadhi ya kutumia hadi kitambulisho kitoke. Aliikunja kwa uangalifu. Sasa angewahi chuo.

"Kwa hiyo sasa huyu ni mwenzetu?" Misumari, aliyewasindikiza, aliuliza kwa sauti hadi foleni nzima ikageuka.

"Alikuwa mwenzetu siku zote, baba," binti yake alijibu. "Katiba ndiyo ilichelewa."