Utandu wa Bwawani Mafiga

Mama mdogo wangu, Felista, si mtu wa kutunga maneno. Alifundisha hisabati miaka thelathini, na hata leo akikusimulia mkasa huu, anaanza kukutajia saa.

Yeye na mumewe, baba mdogo Stephano, walistaafu wakatulia Mafiga. Baba mdogo alichimba bwawa dogo nyuma ya nyumba, kina cha magoti, akalijengea saruji, akatia perege na mayungiyungi. Kila asubuhi alikunywa chai kando yake, ameridhika.

Kiangazi cha mwaka juzi maji yakaota utandu wa kijani. Si ajabu, bwawa lolote linalopigwa na jua huota. Wakamwita Abuu, mtaalamu wa ufugaji wa samaki.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akichungulia maji. "Mnawalisha samaki kupita kiasi. Punguzeni chakula, mbadilishe maji kidogo kidogo, mweke kivuli. Utandu uliopo utoeni kwa reki."

Jumamosi, saa nne asubuhi, mama mdogo akashika reki. Utandu ulitoka kwa mafungu marefu, kama nywele zilizolowa. Alipovuta fungu la tatu, baba mdogo, aliyekuwa barazani na gazeti lake, akakohoa. Akavuta jingine. Akakohoa tena, safari hii mkono uko kooni. Bwawa lilipotakata, baba mdogo hakuwa na sauti.

Hospitali walimpima koo, wakampima mapafu. Hawakuona kitu.

Jumatatu utandu ulikuwa umerudi wote. Na sauti ya baba mdogo imerudi nao.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuwasalimia, nikitokea Dumila. Nikamkuta Abuu ameleta mrututu, ile dawa ya buluu ya kuua utandu. Aliipima vizuri, akanyunyiza kidogo tu. Ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka. Utandu ukaanza kunyauka tukiutazama.

Ndani ya nyumba kitu kikaanguka.

Tulimkuta baba mdogo sakafuni, midomo imegeuka buluu. Akatapika. Maji matupu, ya baridi, yananuka tope.

"Felista," alinong'ona, "mwambie aache kuninyunyizia."

Alikuwa amelala chumba cha mbele. Hakuna aliyemwambia tunafanya nini huko nyuma. Abuu alikusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga. Simu zetu hakupokea tena.

Tangu siku hiyo mama mdogo alifanya lile moja aliloliweza: kuuacha utandu ulivyo. Utandu ukanenepa. Perege wakaelea, wamekufa, na hatukuthubutu kuwaokota. Padri alikuja akaiombea nyumba. Tukasema tumhamishie baba mdogo kwa dada yake Mzumbe. Kabla hatujafika akaishiwa pumzi, tukageuza gari. Alipoingia tu uani, akapumua.

Akawa mzima, anakula, anatania. Ila kila siku kiti chake kilisogea karibu zaidi na maji. Mwishowe akawa anakaa miguu imo ndani.

"Toka hapo, mume wangu," mama mdogo alimsihi.

"Nikitoka hapa, Felista, niende wapi?"

Hakusema kwa huzuni. Hilo ndilo lililomtisha.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Saa sita na robo mchana mama mdogo alimwacha kitini, akaingia jikoni kuepua ugali. Saa sita na dakika ishirini akatoka.

Kiti kipo. Viatu vipo. Geti limefungwa kwa ndani.

Utandu haukuwepo. Hata uzi mmoja. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka chini. Hakuna mtu.

Alimwita. Akamwita tena. Polisi walikuja, wakayatoa maji yote, wakagonga sakafu ya bwawa. Saruji ngumu, haina hata ufa. Mpaka leo baba mdogo hajaonekana, wala hatuna kaburi la kwenda kulia.

Ni mimi niliyeziona zile alama, maji yalipokwisha kutolewa. Kwenye ukingo wa bwawa, saruji kavu ya miaka sita, palikuwa na alama za vidole, zimezama kana kwamba ilikuwa mbichi, ncha zimeelekea uani. Vinane. Nikamwita mama mdogo. Akaweka vidole vyake juu ya alama, akavitoa upesi. Vile vya kwenye saruji vilikuwa virefu, vyembamba mno. Si vya baba mdogo.

Na havikuwa vya mtu aliyekuwa akizama. Vilikuwa vya mtu aliyejivuta juu, akatoka.