Cheche za Blanketi

Kila asubuhi, baada ya kuwafungulia zizini lama, wanyama wao wa sufu wenye shingo ndefu, Delfina alipita kufagia chumba cha redio ya kijiji chao, juu milimani karibu na mji wa Oruro. Siku hiyo hakuwa na raha. Baba yake alikuwa na kundi kwenye malisho ya mbali, theluji ilikuwa njiani, na wiki nzima sauti ya redio haikufika huko kumwonya. Shangazi Eulogia, fundi wa redio, alikuwa amekuja kutafuta hitilafu kwa kifaa cha kupimia mawimbi ya redio alichoazima chuoni.

Shangazi akatoka kukagua mlingoti. Delfina akakiona kifaa mezani, kikiwa baridi kama jiwe la mtoni, akakihurumia. Akakifunika blanketi lake la sufu.

Aliposikia hatua za shangazi, akalivuta. Tatatata! Katika giza la chumba kile kisicho na dirisha, cheche za buluu zikarukia chuma cha kifaa. Uzuri ulioje! Delfina akaduwaa. Kisha akashtuka: je, amekiharibu?

"Mbona umekodoa macho kama lama aliyeona lori?" shangazi akamtania.

Delfina alitamani kunyamaza. Lakini akamkumbuka baba huko malishoni.

"Shangazi, usikiunganishe! Nimekifunika blanketi, kimerukiwa na cheche."

Utani ukaisha. "Loo! Hewa hii kavu na sufu huzaa umeme! Cheche moja ikipenya, kifaa kinaharibika ndani, lakini kinaendelea kuwaka huku kinatoa vipimo vya uongo. Ningebomoa antena nzima bure."

Akakijaribu taratibu. "Kizima. Kifuniko cha tundu la waya kimekiokoa. Haya, njoo. Ukinywa kitu, tone la kwanza la nani?"

"La Pachamama, mama yetu ardhi."

"Na umeme wa mwilini mpe yeye kwanza. Shika waya huu unaoingia ardhini, ndipo uguse kifaa."

Delfina akaushika. Shangazi akapachika kipande cha kupunguza nguvu ya mtambo wa matangazo isikiunguze kifaa, kisha akakiunganisha. Kiooni mistari ikainuka kama milima.

"Ule mrefu ndio redio yetu," shangazi alisema.

"Mawimbi yote hayo yako hewani? Yanatupitia?"

"Sasa hivi, hata wewe."

Delfina akajishika kifua.

Hitilafu ilikuwa kiungo cha waya wa antena kilicholiwa na kutu. Wakakibadilisha, tangazo la theluji likasomwa, na kabla jua halijazama baba, aliyelisikia, akashuka na kundi lote.

"Ulikipenda kifaa bila kuuliza kinatunzwaje," shangazi akamwambia Delfina. "Kitu usichokijua, uliza kwanza. Lakini ulipokosea ulisema mapema. Ungenyamaza, na kama kifaa kingekuwa kimeungua, baba yako angekuwa bado huko juu."