Walisema Nimemuwekea Sumu Mtoto wa Mume Wangu

Tak. Tak. Tak.

Umeme ulikuwa umekatika, nami nilikuwa jikoni napapasa kiberiti. Nikajua ni Bright, anagonga sahani kwa kijiko, anadai mchuzi.

"Subiri kidogo, baba. Nakuja na mshumaa."

Tak. Tak…

Kisha kimya.

Nilipofika na mshumaa… Mungu wangu! Hakikuwa kijiko. Kilikuwa kisigino chake kikipiga mguu wa benchi! Mdomo wazi, macho yamemtoka, midomo imekuwa rangi ya majivu. Na hakuna sauti. Hata kukohoa, hakuna!

Nilimlaza kifudifudi pajani, nikampiga mgongoni. Nikapiga tena. Kipande cha nyama ya mbuzi kikaruka sakafuni, kizima, hakina hata alama ya jino.

Akavuta pumzi. Akatapika. Akalegea mikononi mwangu kama nguo iliyolowa.

Ndipo mume wangu Benon akaingia na tochi ya simu.

"Umemupa nini mutoto wangu?"

"Nyama, baba Bright. Ileile tuliyokula sote."

"Sisi tumekula, mbona hatujaanguka? Gorret… umemuwekea sumu!"

Alilisema kwa sauti kubwa. Majirani walikuwa mlangoni tayari. Jamani, mnaoishi huku kwetu Kasese mnajua: mwanamke akishapachikwa neno hilo, hata sokoni wanaanza kukataa chenji yake.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Mwaka ule wa 2014 nilikuwa na ndoa changa na mimba yangu ya kwanza. Mchana tuliuza mchele wa Mubuku na Benon, jioni nilisoma darasa la watu wazima. Bright, mwenye miaka mitano, alikuwa mtoto wake wa mke wa kwanza, Edisa. Niliambiwa Edisa alimfuata mwanaume Kongo, akamwacha mtoto akiwa mchanga. Basi Bright alilelewa Kyondo na bibi yake, Mukaka Vasta, hadi tulipomchukua aanze shule mjini.

Siku anamleta, Mukaka alijisifu mno.

"Huyu hana shida ya chakula. Anakula bundu kama muzee wa kanisa!"

Bundu ni ugali wetu wa muhogo. Laini, unateleza. Huo hautafunwi, wapenzi. Unakata tonge, unachovya, unameza.

Kwangu mambo yakawa mengine. Wali anauhifadhi shavuni mpaka unachacha. Mahindi anatema. Maharage nayakuta kwenye mfuko wa shati la shule!

Mwalimu akasema ni mkaidi. Benon akasema ninamdekeza. Mimi? Nilidhani ananichukia. Nilidhani mtoto anakataa mkono wa mama wa kambo… Nikazidi kupika vizuri. Ndiyo maana Jumapili ile nikanunua nyama.

Asubuhi iliyofuata Mukaka Vasta akateremka kutoka Kyondo. Hakunisalimia.

"Wanawake wa mwanangu munapika nini, lakini? Wa kwanza aliniulia Eriya, wa pili anataka kunimalizia na huyu!"

Nikashtuka.

"Eriya ni nani?"

Benon akatazama viatu vyake.

"Benon, nakuuliza. Eriya ni nani?"

"Kaka mukubwa wa Bright," akasema taratibu. "Alikufa Krismasi, katikati ya kula. Edisa ndiye alipika."

"Uliniambia Edisa alimfuata mwanaume!"

"Tulimufukuza."

Kumbe nyumba hii ilishawahi kumfanyia mwanamke mwingine haya haya! Na mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni.

"Funga vitu vyako," Mukaka akaniambia. "Hiyo mimba utazalia kwenu."

Nililia, nikapiga magoti. "Mama, tumpeleke hospitali kwanza. Wakisema ni sumu, nitaondoka bila kuchukua hata sufuria. Twende wote, usikie mwenyewe."

Alikubali. Nadhani alitaka kuniona ninaumbuka.

Daktari alimpima Bright, hakuona sumu. Akatutuma kwa dada mmoja wa mazoezi ya tiba kwa watoto, anaitwa Jamira. Huyo hakutaka maneno mengi. Alimkalisha Bright wima, akamwekea kipande kidogo cha kiazi ulimini.

"Kula, rafiki yangu. Mdomo wazi nione."

Tukachungulia wote. Kiazi kilikaa palepale. Ulimi haukukisukuma pembeni, meno hayakukigusa. Kisha Bright akafumba macho, akarusha kichwa nyuma, akameza kizima!

"Nyumbani alikuwa anakula nini?"

"Bundu," akajibu Mukaka.

"Bundu mnaitafuna?"

Mukaka akacheka. "Nani anatafuna bundu? Labda mwizi anayeficha ushahidi!"

"Basi Mama, mtoto huyu hajui kutafuna."

"Aka! Kutafuna kunafundishwa? Mutoto anazaliwa nako!"

"Anazaliwa na kunyonya. Kutafuna anajifunza. Wengi wanajifunza bila nyinyi kujua, wachache ulimi wao ni mzito, wanahitaji msaada. Huyu si mkaidi. Na hakuna aliyemwekea kitu."

Nilitaka kushangilia. Lakini nilimsikia Benon akimgeukia mama yake.

"Mama… siku ile Eriya alikuwa anakula nini?"

Mukaka alivuta leso yake, akaziba mdomo.

"Kuku," akasema. "Nilimupa kipaja mwenyewe. Nilisema ni Krismasi."



Jamira alitufundisha. Mtoto akae wima. Kipande chembamba, ukiweke kwenye magego, leo kulia, kesho kushoto. Mwache aume. Usimharakishe. Tulianza na viazi, tukaja kwenye chapati. Mama mwenzangu unayesoma hapa, mwanao akihifadhi chakula shavuni, usimchape, usimzibe pua ukimmiminia uji. Mchungulie mdomoni, mpeleke hospitali. Na kabla hujalitamka neno sumu, kumbuka kuna mtu litamwangukia.

Mimi nilikuwa nimesafishwa. Edisa je?

"Mambo ya zamani hayo," Benon akasema.

"Umenisafisha mimi, umsafishe na yeye."

"Unataka nikuletee muke mwenzako?"

"Nataka mtu amwambie hakuua mtoto wake."

Sitawadanganya, niliogopa. Angeweza kurudi na kudai nyumba yake. Lakini nikilala nilimwona yeye na virago vyake.

Mwishowe Benon akakubali, tukaenda na Bright. Tulimkuta Bwera, mpakani, hakufika hata Kongo. Alikuwa sokoni, anauza samaki wa chumvi. Alidhani mimi ni mteja.

"Karibu mama, samaki iko muzuri."

Benon alibaki nyuma yangu. Nikamweleza mimi, mwanzo hadi mwisho: nyama, kiazi, kipaja cha kuku.

Alisikiliza akiwa ameshika samaki mkononi.

"Basi haikukuwa sufuria?"

"Sufuria gani, dada?"

"Ile niliazima kwa jirani. Miaka yote najiuliza, labda sikuiosha muzuri…" Akakaa chini, kwenye vumbi. "Batu balisema sana, hata mimi nikaamini. Niliamini nilimuua mutoto wangu."

Benon akapiga magoti. "Nisamehe, Edisa."

"Wewe nyamaza kwanza."

Macho yake yalikuwa kwa Bright, aliyejificha nyuma ya gauni langu na kipande chake cha chapati.

Nilimsogeza mbele.

"Bright, huyu ndiye mama yako aliyekuzaa. Msalimie."

Bright alimtazama. Alitafuna polepole, upande wa kulia, upande wa kushoto, akameza. Kisha akasema kwa sauti, soko zima likisikia:

"Mukaka alisema ulikufa."