Anayetoka Humwachia Anayeingia

Wewe unayesoma hapo, ukisikia jina lako linaitwa ndani ya nyumba, unaitika kwanza au unatazama kwanza nani kakuita?

Sisi tumelelewa kuitika. Asubuhi ile nilikuwa kwa mama mdogo, Kiembe Samaki, nakuna nazi na digrii yangu ya chuo kikuu cha Tunguu. First class, thank you very much. Binamu yangu Hamid, graduate mwenzangu wa kukaa bila kazi, kajilaza mkekani na gemu jipya la simu. Dadake, Nassra, yuko jikoni.

Gemu lenyewe la kupigana. Una wapiganaji watatu, uwanjani anasimama mmoja. Ukitaka unamtoa huyu, unamwingiza yule. Majina unawapa mwenyewe. Hamid kamwita mmoja Hamid, mmoja Nassra, wa tatu kamwacha bila jina.

"Bashira, sielewi hizi nguvu zinajaaje. Nampiga adui mpaka basi, mstari haupandi."

Nikamnyang'anya simu. Mtu nimesoma takwimu, gemu litanishinda? Nikatazama, nikaelewa.

"Kupiga hakujazi kitu, we mzembe. Unayemtoa anamwachia nguvu zake anayeingia. Huyu anakuja kajaa, yule anatoka mtupu. Mtoe Nassra, jiingize wewe."

Akabonyeza. Simu ikamwita anayetoka, sauti laini ya kike: "Nassra."

"Labeka," akaitika Nassra kutoka jikoni.

Hamid akamlaza adui kwa pigo moja. Tukacheka. Jikoni sahani ikamponyoka Nassra.

Mwanzo tulisema damu imempungua. Lakini kila gemu likichezwa Nassra anaitwa, na kila akiitwa anaitika, hata usingizini, na akiamka kapungua zaidi. Hamid akalifuta gemu. Likarudi. Akaizima simu. Simu iliyozimwa ikaita. Siku hiyo ndege ilikuwa inapita juu ya bati, hatusikizani wenyewe kwa wenyewe. Lile jina tulilisikia.

Nassra akawa hawezi kushika kijiko.

Akaletwa bibi yetu, Bi Mwanakheir, kutoka Makunduchi. Huyo na mapepo wanajuana kama majirani. Akafukiza ubani, akamshika Nassra kichwa, akamuuliza aliyempanda jina lake nani. Akauliza tena. Akauondoa mkono haraka, kama kagusa chungu cha moto.

"Mwenye pepo ni kiti kilichokaliwa," akanong'ona. "Nnamuomba aliyekaa, anaondoka. Mjukuu wangu huyu ni kiti kitupu. Nnaongea na nani?"

Nikawaandikia wenye gemu, Kiingereza cha chuo, kimenyooka. Wakajibu: "Thank you for your feedback." Jibu hilo nnalijua. Ndilo wanalonipa waajiri.

Adhuhuri ikaswaliwa. Jua kali, dirisha wazi. Hamid kakaa pembeni ya dadake, simu mkononi.

"Ulisema wewe," akaninong'oneza. "Anayetoka humwachia anayeingia."

"Hamid, ngoja kwanza."

Hakungoja. Akajitoa. Akamwingiza Nassra.

"Hamid," ikaita simu.

"Naam."

Nassra akafumbua macho. Akaomba chai. Mashavu yamemjaa, akauliza mbona tunamtazama vile.

Hamid kakaa vilevile. Kidole juu ya kioo. Anapumua. Ukimlisha uji anameza. Macho yake hayamfuati mtu.

Nassra akalia, akaishika simu, akataka kujitoa amrudishe kakake. Nikamshika mkono kumzuia, kumbe hakukuwa na haja. Kitufe cha Hamid kimegeuka kijivu. Hakibonyezeki. Tuliitoa betri, simu ikaendelea kuwaka.

Wa tatu, yule asiye na jina, sasa ana jina. Bashira. Hakuna aliyeliandika. Mstari wake umejaa mpaka juu.

Jana nakuna nazi, nimeitwa. Nimeuma ulimi mpaka damu, nisiitike.

Basi nyinyi mliolitengeneza, popote mlipokaa na viyoyozi vyenu. Sitaki shukrani, sitaki feedback. Kiwasheni kile kitufe. Mrudisheni Hamid, kabla sijasahau siku moja nikaitika.