Kabla ya Kupiga Windows Upya

Nyumbani kwetu Makumira kuna kompyuta moja na wenye kompyuta ni wawili. Mimi Vaileth, mshonaji wa sweta, na mdogo wangu Aikaeli, anayemaliza chuo mwaka huu. Mchana inakaa kwangu, jioni inakaa kwake. Tunagombana kidogo, kama ndugu, lakini kazi zinakwenda.

Mimi natumia Windows. Humo nachora nembo za shule. Nikimaliza naziweka kwenye flash, naichomeka kwenye cherehani ya kudarizi, na sweta zinatoka na nembo zake. Huku kwetu chini ya Meru baridi haina likizo, kwa hiyo wateja hawakosekani. Programu yangu inakubali Windows tu.

Aikaeli anatumia Linux, mfumo mwingine uliomo kwenye kompyuta hiyo hiyo. Yeye haoni tangu utotoni. Kompyuta inamsomea kwa sauti kila kilichoandikwa, naye anaandika haraka kuliko mimi mwenye macho. Windows nayo inaweza kusoma kwa sauti, lakini shuleni alifundishwa kwa Linux na vidole vyake vimeizoea. Humo ndimo ulimo utafiti wake. Alizunguka vijiji vya mlimani akiwarekodi wazee wakisimulia walivyokuwa wakigawana maji ya mifereji. Baadhi ya wazee hao wameshafariki. Sauti zao zilikuwa humo tu.

Siku moja Windows ilijisasisha. Ile ambayo watu wanaita apdeti. Sikujali, nikaendelea kudarizi. Jioni Aikaeli akaiwasha kompyuta kwa zamu yake.

"Dada, mbona nasikia mlio wa Windows kabla hujanichagulia?"

Nikaizima, nikaiwasha tena. Kwa kawaida inaleta orodha na kusubiri mpaka tuchague Linux au Windows. Safari hii orodha haikutokea. Ilikwenda Windows moja kwa moja, kana kwamba Linux haijawahi kuwepo.

"Na Jumatatu natakiwa kuwasilisha utafiti," Aikaeli akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Kesho yake nikamwita jirani yetu Richard, anayetengeneza simu na kompyuta pale Usa River. Ni kijana mwema, ukimwita anakuja. Akaangalia, akatikisa kichwa.

"Dada Vaileth, Linux imekufa. Ona, sehemu hii ya diski haina hata jina. Iko tupu. Tuisafishe, tupige Windows upya, mashine itakuwa nyepesi."

Jamani, kupiga Windows, yaani kufuta kila kitu na kuiweka upya, ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa. Kompyuta ikiwa nzito, piga Windows. Ikikwama, piga Windows. Nami nikasema haya, piga basi. Aikaeli akanyoosha mkono, akaipapasa kompyuta, akaifunga.

"Hapana," akasema. "Tumwite Mwalimu Nasieku." Akampigia simu.

Mwalimu Nasieku anafundisha kompyuta chuo kimoja huko Themi. Kwao ni magharibi ya Meru, kwenye mifugo. Alikuja mchana, viatu vimejaa tope letu. Richard alitaka kuaga. Mwalimu akamwambia, "Kaa, tuangalie pamoja. Wewe ndiye utakayeletewa nyingine kama hii."

Nilidhani ataikimbilia kompyuta. Wala. Alikunywa chai kwanza, huku akiuliza maswali.

"Kabla ya tatizo, nini kilitokea?"

"Windows ilijisasisha," nikajibu.

"Kuna aliyefuta kitu?"

"Hakuna."

"Vizuri. Basi na sisi tusifute."

Akatoa flash mfukoni. "Humu mna Linux inayowaka kutoka kwenye flash, bila kuwekwa kwenye kompyuta." Akaichomeka, akaiwasha kompyuta huku akibonyeza kitufe cha F12 ili ianzie kwenye flash. Alisema kompyuta nyingine zinataka F9 au Esc. Linux ya flash ikawaka. Akafungua ile sehemu tuliyoambiwa iko tupu.

Mafaili yalijaa tele. Akabofya moja, na sauti ya mzee ikaanza kusimulia habari za mfereji wa babu zake. Aikaeli akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Lakini Windows ilisema hakuna kitu," Richard akasema.

"Haikusema hakuna kitu. Haijui kusoma mafaili ya Linux. Ikikutana nayo inakuonyesha sehemu isiyo na jina."

"Ni kama mimi ukinipa gazeti," Aikaeli akasema. "Kwangu ni karatasi tupu." Tukacheka, na Richard akacheka kuliko wote.

Mwalimu akanakili utafiti wote kwenye diski ya pembeni. "Kwanza nakala, ndipo matengenezo," akasema. Nilipenda alivyofanya. Hakuharakisha hata kidogo, na kila alichogusa alimwambia Aikaeli anagusa nini.

Kisha akaeleza tatizo. "Ukiwasha kompyuta, kuna programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine. Inaitwa bootloader. Kazi yake ni kuamsha Windows au Linux. Ya Linux yenu inaitwa GRUB, na ndiyo inayoleta ile orodha. Windows nayo ina ya kwake. Baada ya kujisasisha, ya Windows imekaa mbele. GRUB haijafa, imerudishwa nyuma kwenye foleni."

Akauliza kama Windows yangu imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Haikuwa imefungwa. "Ingekuwa imefungwa, tungetafuta kwanza namba ya kuifungulia. Ukigusa mipangilio hii, Windows inaweza kuidai."

Akamwachia Richard kibodi. Wakaingia kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe, mahali pa kupanga nini kiamke kwanza. Bootloader ya Windows ilikuwa juu, ya Linux chini yake. Richard akaipandisha ya Linux, akahifadhi, akawasha upya.

Orodha ikatokea. Linux juu, Windows chini. Nikashukuru Mungu kwa sauti.

"Na kama hata huko GRUB isingeonekana?" Richard akauliza.

"Tungewasha ile flash na kuirudisha GRUB mahali pake. Kuna programu iitwayo Boot-Repair, inasaidia. Bado tusingefuta kitu."

Mimi niliona tumemaliza. Mwalimu akamgeukia Aikaeli.

"Orodha hii haina sauti. Wewe unachaguaje?"

"Sijui inatokea saa ngapi. Nikibonyeza mapema, napotea. Kwa hiyo namwita dada."

"Na dada akiwa hayupo?"

"Nasubiri arudi."

Mwalimu akaingia Linux, akafungua mipangilio ya GRUB, akaongeza mstari mmoja. "GRUB inaweza kulia orodha ikitokea. Si kila kompyuta inakubali. Tujaribu." Akawasha upya. Tukatega masikio.

Ikalia. Aikaeli akabonyeza Enter kwa kidole chake mwenyewe, na baada ya muda sauti ya Linux ikaanza kumsomea. Mwalimu Nasieku akainua kikombe chake, chai ilikuwa imepoa, akaimaliza hivyo hivyo. Nimeona watu wengi wenye elimu. Aliyemuuliza mdogo wangu anachaguaje ni yeye peke yake.

Utafiti ulifika Jumatatu. Richard sasa mteja akimwambia piga Windows, anamuuliza kwanza nakala iko wapi.

Juzi nilipeleka sweta Momela, nikachelewa kurudi. Nilipoingia uani nikasikia vitufe vya kibodi vinagongwa ndani. Aikaeli alikuwa ameiwasha bila mimi na alikuwa katikati ya kazi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga, lakini sikumwambia, maana angenitania mwezi mzima. Nikamwambia jambo lingine.

"Kesho Windows inataka kujisasisha tena. Niizuie?"

Hakuacha kuandika. "Iache ijisasishe, dada. Nakala ninazo."